Dansi la Mtu Mmoja na Mchi

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko, na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyakosea herufi. Niliishia darasa la saba, na mwalimu wangu wa darasa la nne aliwahi kuinua daftari langu mbele ya wenzangu akauliza kama kuku ndiye aliyeandika. Wenzangu wakajibu ndiyo, kwa pamoja, kama wamefundishwa. Basi kuku yule ameshika tena kalamu. Anaandika polepole, ukurasa huu wa kwanza umemchukua Jumapili mbili. Ukifika mahali hapasomeki, ruka tu. Mimi mwenyewe nimeruka mambo mengi katika maisha na bado nipo.

Nataka kueleza nilivyojifunza dansi la ukumbini, lile la mwanamume na mwanamke kushikana na kuzunguka taratibu kama watu waliodondosha sindano sakafuni. Nilijifunza peke yangu, kwetu milimani, wilaya ya Mbinga, mahali ambapo hakuna ukumbi, hakuna sakafu, na mwanamke wa kushikana naye hakuna pia. Ukiacha hayo matatu, mazingira yalikuwa mazuri kabisa.

Chanzo ni dada yangu. Amenizidi miaka saba. Baba alipofariki mimi nilikuwa sijaanza hata shule, na dada ndiye aliyenishika mkono kunipeleka darasa la kwanza, akabaki dirishani siku nzima kwa sababu nilisema akiondoka nami naondoka. Baadaye akawa fundi cherehani mjini Mbinga, kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja ambaye ukoo wake ni wa Kilwa. Dukani kulikuwa na televisheni. Humo dada akaona harusi ya watu wenye nafasi zao: bibi harusi anacheza na baba yake dansi moja, taratibu, ukumbi mzima umenyamaza, ndipo anakabidhiwa kwa mumewe. Dada akaacha kushona suruali ya watu katikati akaangalia mpaka mwisho.

Aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwezi wa tano alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, amepata mchumba, kijana wa ziwani, fundi wa injini za boti kule Mbamba Bay. Ya pili ilinihusu.

"Baba hayupo," akaniambia. "Kwa hiyo utacheza wewe."

"Mimi?"

"Kwani humu ndani kuna nani mwingine? Kuna mama na mbuzi."

"Mbuzi anacheza vizuri kuliko mimi, dada."

"Mbuzi hana suti."

"Hata mimi sina."

"Yako nimeshaikata. Bado kushona."

Ili mwelewe uzito wa jambo hili, lazima nirudi nyuma kidogo kwenye mahafali yangu ya darasa la saba. Mimi ni mtu wa haya. Sisemi haya kidogo, kama wasichana wanavyosema wakitaka wasifiwe. Nasema haya ya kumfanya mtu apite njia ndefu kuepuka kumsalimia mwenye duka. Siku ya mahafali nilipangiwa kusoma shairi mbele ya wazazi, beti nne, na nilizijua zote. Jina langu lilipoitwa nilikuwa tayari nimo ndani ya shamba la kahawa la shule, nimechuchumaa, nahesabu majani. Wakaita mara ya pili. Wakaita mara ya tatu, watu wakaanza kucheka. Dada, ambaye hakuwa mwanafunzi wala mgeni rasmi, akapanda jukwaani akasimama mahali pangu akasema, "Mdogo wangu anaumwa tumbo." Hakulijua shairi. Alisimama tu pale, wakamcheka yeye.

Tangu siku hiyo jina langu kijijini ni Tumbo. Nashukuru. Wengine wanaishi miaka sabini bila kupewa jina na wananchi.

Kwa hiyo kamati ya harusi ilipokaa nyumbani kwetu, chini ya uenyekiti wa mjomba wetu, ambaye hakuna kamati iliyowahi kukaa bila yeye kuwa mwenyekiti, hoja ya dansi ilizua mjadala mrefu kuliko hoja ya chakula.

"Hao wakwe ni watu wa mganda," mjomba akasema. "Mnaujua mganda wa ziwani? Wanaume wanasimama mistari, kaptula nyeupe, soksi nyeupe, kamanda mbele na filimbi. Anapuliza, wanageuka wote kama mtu mmoja. Mbele ya watu kama hao ninyi mnataka kumpeleka Tumbo?"

"Mjomba, shikamoo," nikasema kutoka mlangoni, ili ajue kwamba nipo.

"Marahaba. Ulikuwepo? Sasa sema mwenyewe. Siku hiyo tumbo likiuma?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Kusema kweli lilikuwa limeshaanza.

Mjomba akapendekeza awepo mtu wa akiba. Mwanawe, binamu yetu, anaishi Songea, anajua kila mtindo, ana viatu vyenye ncha ndefu kiasi kwamba akifika mahali viatu vinafika kabla yake. Nikikimbia, yeye anaingia. Kamati nzima ikapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Dada alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. "Sitaki wa akiba," akasema. "Akikimbia, nitasimama peke yangu mpaka muziki uishe. Nimeshawahi kusimama."

Hapo ndipo nilipoacha kupiga makofi.

*

Mwalimu wangu alikuwa ndani ya simu. Dada aliniachia simu yake ya zamani ya kupangusa, kioo kimepasuka kona moja, na kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye jiwe lililo juu ya shamba letu. Nikakaa juu ya jiwe hilo nikatafuta. Akatokea mzungu mmoja, suruali imembana kama alizaliwa nayo, pamoja na mwanamke mwenye gauni refu. Walikuwa wanacheza wolzi. Nilichoelewa ni hiki: unahesabu moja, mbili, tatu, na miguu yako inachora boksi. Mguu mbele, mguu pembeni, kutanisha. Mguu nyuma, mguu pembeni, kutanisha. Boksi limefungwa. Unaanza jingine.

Nilifurahi. Nikasema kama ni boksi tu, mimi boksi nalijua. Mwalimu akaonyesha jinsi ya kuanza, jinsi ya kushika, jinsi ya kugeuka. Kisha akainua kidole, akatabasamu, nadhani alitaka kuonyesha jinsi ya kumaliza, na bando likaisha. Uso wake ukabaki pale umeganda na meno yote nje. Kununua bando jingine mpaka mjini, na mjini kuna watu. Nikaona mwisho si muhimu sana. Mtu aliyejua kuanza atashindwa kuacha?

Lile swali naomba mlikumbuke.

Tatizo lilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Watu wa ziwani wana utani wao juu yetu: wanasema sisi wa milimani tuna mguu mmoja mrefu, kwa sababu tumezaliwa tumesimama ubavuni mwa mlima. Utani wa kijinga, lakini kwetu mahali palipo tambarare ni meza na kitanda cha mama. Vingine vyote vinashuka. Kiazi kikikuponyoka jikoni unakwenda kukichukua kwa jirani wa chini.

Basi nikakumbuka ngolo. Kama hujafika kwetu, ngolo ni mashimo tunayolimia mteremkoni, makubwa, mraba, na kila shimo limezungukwa na matuta manne. Ukisimama juu ya mlima unaona shamba zima limechorwa maboksi kama daftari la hesabu. Nikasema mababu zangu walichimba uwanja wa wolzi zamani sana, ila walisahau kuusawazisha. Nikawa napita juu ya matuta: mbele, pembeni, kutanisha, nyuma, pembeni, kutanisha. Shimo katikati, mimi pembezoni. Ukikosea hatua unatumbukia mpaka magotini. Ni mwalimu mzuri, hasemi maneno.

Wa kushika nilimpata jikoni. Mchi wetu wa kutwangia ni mrefu, unafika begani kwa dada, mwembamba kiunoni kwa sababu ya kushikwa miaka mingi. Mzito kidogo, lakini haukanyagi mtu na haucheki. Nikawa naubeba alfajiri, nikifika shambani nauweka kifuani, mkono wangu mmoja kiuno cha mchi, mwingine nimeunyoosha pembeni kushika hewa. Moja, mbili, tatu. Nilijisikia bwana mkubwa.

Wiki ya pili, jirani yetu, mama mmoja anayelima ng'ambo ya kijito, alimjia mama yangu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikasikia yote.

"Mama, sikutaka kusema, lakini wewe ni mwenzangu. Nimemwona kijana wako amekumbatia mchi."

"Alikuwa anatwanga."

"Anatwanga nini shambani, bila kinu?"

Nikasikia mama anasogeza kigoda.

"Na anauongelesha," jirani akaendelea. "Anauambia moja, mbili, tatu. Akifika tatu anarudi moja. Mwenzangu, hata nne hafiki."

"Shule alimaliza," mama akasema, kwa unyonge.

"Ndiyo hapo mimi ninapoogopa."

Mama huenda angelipuuza hilo, lakini siku hiyohiyo alikwenda shambani akakuta matuta ya ngolo karibu thelathini yamekanyagwa, na maharage yaliyokuwa yanaanza kukauka yamelala chini. Akasema ni nguruwe pori. Kesho yake kabla jua halijatoka akajificha kwenye mgomba na rungu, akingojea nguruwe. Akaja mwanawe, amebeba mchi, amevaa kofia ya marehemu baba. Nilivaa kofia kwa sababu yule mzungu alikuwa nadhifu na mimi nikaona nijitahidi.

"Simama hapo!" mama akapiga kelele.

Nikaangusha mchi shimoni.

"Kumbe nguruwe ni wewe! Maharage yangu yamekukosea nini?"

"Nafanya mazoezi, mama."

"Ya nini?"

"Ya dada."

Mama alishusha rungu. Alinitazama mimi, akatazama kofia, akatazama boksi langu juu ya matuta, limekanyagwa vizuri, pembe nne sawasawa. Nilidhani atalia. Akasema, "Ondoka kwenye maharage yangu. Na mchi wangu uuoshe," akageuka akaenda zake. Lakini hakupokonya kofia.

*

Baada ya hapo nikafukuzwa shambani kwa amri, nikahamia kwenye kahawa. Mwezi wa saba ulikuwa umefika, kahawa zimeiva, na kazi yangu nyumbani ni kuzungusha mashine ya kumenyea. Ni mashine ya mkono, ya tangu enzi za babu, ina gurudumu lenye mpini, na ndani yake jino moja lilishakatika. Kwa hiyo kila ikizunguka haitoi sauti moja kama mashine za watu. Inasema kra, inakaa kidogo, ku, ku. Kra, ku, ku. Nilikuwa nimeichukia tangu utotoni. Msimu ule nikaisikiliza vizuri nikakuta inahesabu mpaka tatu kama mzungu wangu.

Dada alikuwa amechukua likizo dukani ili asaidie msimu, kwa sababu ulikuwa wa mwisho kwake. Yeye anamimina kahawa mbivu na maji kwa juu, mimi nazungusha, tunatazamana juu ya mashine kutwa nzima. Hatujawahi kuwa watu wa maongezi. Zikiisha debe tatu, yeye anazipeleka punje kwenye pipa, na mimi, akishageuka tu, nachukua mchi na kufanya maboksi mawili matatu kwenye kiwanja mbele ya vichanja vya kukaushia. Kiwanja hicho tunakiita kiwanja kwa heshima tu. Chungwa likiwekwa hapo halikai.

Nilimwomba mara moja tufanye mazoezi pamoja. Kusema nilimwomba ni kujisifu. Nilisema, "Dada, labda tungejaribu," huku natazama debe.

"Unaona haya kunishika?" akauliza.

"Naona haya kidogo."

"Basi fanya na mchi. Mimi nitakuona siku hiyo."

Nikashukuru. Huo ndio utu uzima wangu: nilikuwa tayari kucheza mbele ya wakwe mia, ila siyo mbele ya dada yangu mwenyewe na mashine ya kahawa.

*

Harusi ilikuwa mwezi wa tisa, Jumamosi. Misa asubuhi, sherehe mchana, kwa sababu sisi wageni wa milimani tulitakiwa kupanda kona zile zote kurudi kwetu kabla ya giza. Suti ilinikaa. Dada aliishona kwa kukisia na alikisia sawa, isipokuwa mfuko mmoja ambao aliufunga kwa uzi makusudi. "Ili usiingize mkono," akasema.

Ukumbi ulikuwa wa parokia, karibu na maji, milango miwili imefunguliwa upande wa ziwa. Na sakafu. Hakuna aliyeniambia kuhusu sakafu. Ilikuwa ya saruji, imetulia kama maji kwenye sufuria ambayo haijawekwa motoni. Nilipoikanyaga nikayumba. Watu wa kwetu wakipanda boti wanatapika. Mimi nilisikia kichefuchefu kwenye saruji. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unautafuta mlima na mlima haupo.

"Umekunywa?" mjomba akauliza.

"Sijanywa, mjomba. Pamenyooka sana hapa."

Mjomba akatazama upande wa binamu. Binamu, aliyealikwa kama mgeni tu, alikuwa anafunga kamba za viatu vyake kwa utaratibu wa mtu anayejua ataitwa.

Wakwe wakaanza wao. Mganda ule sitausahau. Watu wa makamo kwa vijana, mistari mitatu, weupe kuanzia kiunoni mpaka vidole, ngoma moja kubwa, na kamanda wao, mzee mfupi mwenye kifua cha mtu mrefu, filimbi mdomoni. Alipuliza, wakainama. Alipuliza, wakageuka. Alipuliza mara mbili, wakasimama, na hata vumbi likasimama. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya kuvusha ziwa, akapiga vigelegele mpaka glasi zikalia.

Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Na sasa, ndugu zetu wa milimani, ambao leo wameshuka kwa miguu yote miwili, mfupi na mrefu" — ukumbi ukacheka — "watatuonyesha dansi la Ulaya! Bibi harusi na mdogo wake!"

Dada akaenda katikati ya ukumbi akasimama. Muziki ukaanza.

Mimi nilikuwa kwenye kiti, hatua kama kumi kutoka kwake, na hatua tatu kutoka mlango wa ziwa. Hesabu ndogo, hata mtu wa darasa la saba anaifanya. Nikainuka. Moja, mbili, tatu, nikawa mlangoni. Upepo wa ziwa ukanipiga usoni. Kulikuwa na mchanga, kulikuwa na boti zimeegeshwa, kulikuwa na dagaa zimeanikwa juu ya vichanja, na chini ya kichanja mtu angeweza kuchuchumaa bila kuonekana. Niliona mpaka nafasi yenyewe.

Nyuma yangu watu walianza kucheka. Sauti ya shangazi ikapita juu ya muziki: "Kwani anacheza na nani yule?"

Nikageuka.

Dada alikuwa anacheza. Peke yake, katikati ya saruji ile, na gauni lake lote. Mkono mmoja ameuweka juu ya bega la mtu ambaye hayupo, mwingine ameunyoosha pembeni kushika hewa. Mguu nyuma, pembeni, kutanisha. Alikuwa anajua. Visigino vya viatu vyake vipya vilikuwa vinagonga sakafu: kra, ku, ku. Kra, ku, ku. Muziki waliouweka ulikuwa unakwenda njia yake nyingine kabisa. Dada alikuwa anacheza mashine yetu. Msimu mzima, kumbe, kila alipogeuka kwenda kwenye pipa, alikuwa ananitazama.

Niliona pia jinsi mtu anavyoonekana akicheza na hewa. Namwomba radhi yule jirani wa ng'ambo ya kijito. Mimi pia ningekwenda kumwambia mama wa mtu huyo.

Binamu alikuwa ameshasimama. Mjomba anampungia mkono, nenda, nenda. Dada hakumtazama binamu wala mlango. Alikuwa anatazama sakafu, uso wake ni uleule wa jukwaani, siku ya mahafali. Angefika mwisho wa muziki vile vile. Alikwisha kusema.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kwamba nilipita mbele ya binamu na kwamba nilikanyaga kiatu chake, ile ncha, na sijutii. Nikaingia chini ya ule mkono uliokuwa umeshika bega la hewa.

"Tumbo?" dada akauliza, bila kusogeza midomo.

"Linauma sana."

"Basi twende nalo."

Kra, ku, ku. Tulicheza. Ningependa kuandika kwamba tulicheza vizuri, karatasi haiwezi kunikatalia, lakini kulikuwa na mashahidi. Hatua zangu zilikuwa za ngolo, ndefu, za kuvuka shimo, na dada ilimbidi akusanye gauni kwa mkono ili anifikie. Zaidi ya hapo, tuliegemea. Mimi niliegemea kushoto, kwenye mlima, na dada, ambaye amefundishwa na mteremko uleule, akaegemea pamoja nami. Kila boksi tulilofunga lilituacha nusu hatua upande mmoja. Tulianzia katikati ya ukumbi, tukapita meza ya keki, tukapita meza ya wakwe, tukawa tunaelekea kwenye kreti za soda.

"Hawa kweli wana mguu mmoja mrefu!" shangazi akasema. "Tazameni! Wanateremka!"

"Wanateremka na harusi yetu!" mwingine akadakia.

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Mtu akicheka akiwa amesimama na kupiga makofi, hata mimi naweza kukivumilia.

Tulipofika kwenye kreti tukageuza, tukaanza kurudi. Muziki ukaisha. Sisi hatukuisha. Hapo ndipo nilipolikumbuka bando.

"Tunamalizaje?" dada akanong'ona.

"Sijui. Yule mzungu hakufika mwisho."

"Hukujifunza kumaliza?"

"Nilidhani tutajua tukifika."

Tukafunga boksi, tukafungua jingine. Ukumbi kimya, visigino vya dada tu, kra, ku, ku. Mshereheshaji akakohoa kwenye kipaza sauti. "Jamani... inatosha?" Hakuna aliyejua kama ndivyo dansi lilivyo au ni ugonjwa. Bwana harusi akainuka nusu, akakaa. Mimi nilikuwa natokwa jasho mpaka kwenye ule mfuko uliofungwa. Mama yangu, mezani, alikuwa amefumba macho, midomo inatembea, nadhani alikuwa kwenye rozari.

Aliyetuokoa ni yule kamanda wa mganda. Nadhani hakuweza kuvumilia kuona watu wanacheza bila amri. Akatoka kwenye kiti chake, kaptula yake nyeupe, akasimama mbele yetu, akapuliza filimbi mara mbili.

Tukasimama. Visigino pamoja, mikono chini. Hata sijui mwili wangu ulijifunzia wapi. Kamanda akatukagua kuanzia viatu mpaka kichwani, akarekebisha tai yangu, akamshika dada mkono akamkabidhi kwa mumewe kama anayekabidhi zamu. Vigelegele vya shangazi nadhani vilisikika hadi ng'ambo ya pili ya ziwa. Mjomba akawaambia watu wa meza yake kwamba kamati ndiyo iliyopanga iwe hivyo.

*

Sasa ni mwezi wa sita mwingine. Dada yuko ziwani, anashona huko, ananipigia Jumapili nikiwa juu ya jiwe. Kahawa zinaanza kuiva. Mashine nazungusha kwa mkono mmoja na kumimina kwa mwingine, na kwa sababu hiyo haiendi sawa. Inasema kra, inangoja sana, ndipo ku moja. Nimemwambia dada. Akasema kule kwake kuna mchanga tambarare nyuma ya nyumba, na kwamba mama mkwe alimkuta asubuhi moja na mwiko wa ugali, akamuuliza kama kwao ni kawaida. Akamjibu ni kawaida.

Mimi naendelea na mchi. Mama amejinunulia mwingine wa kutwangia, ule wa zamani ameniachia, anauita mkwe wake. Jirani wa ng'ambo ya kijito akipita ananisalimia mimi kisha anausalimia na mchi.

Lakini dansi bado halina mwisho. Mwezi wa kumi na mbili mdogo wa shemeji anaoa, na dada amesema safari hii tutacheza wote wawili tangu mwanzo, hakuna wa kusimama peke yake, na yule kamanda huenda asiwepo, magoti yanamsumbua. Bando nimenunua mara mbili, yule mzungu simwoni tena. Kwa hiyo, kama kuna msomaji aliyewahi kuicheza wolzi mpaka ikaisha, naomba aniandikie barua na aeleze taratibu: mguu gani unasimama kwanza, mikono inakwenda wapi, na mtu anamtazama mwenzake au anatazama pembeni. Mwandiko wowote utasomeka. Niliouzoea ni wa kwangu.